Fuata Uamuzi Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kupima na Kuboresha Demokrasia ya Serikali za Mitaa

Ukitaka kujua kama demokrasia ya eneo lako ni nzima, usianze kwa kuwauliza watu kama wanaridhika. Watakutazama, wapime umetumwa na nani, kisha wakupe jibu linalokufaa. Anza na uamuzi mmoja uliofanyika ndani ya miaka miwili iliyopita: barabara iliyojengwa, soko lililohamishwa, ada ya taka iliyopandishwa. Rudi nao nyuma hadi ulikozaliwa. Nani alitoa wazo? Nani alijua kabla halijapita? Nani aliweza kulipinga akasikilizwa? Fedha zilikwenda wapi, na mambo yalipoharibika nani alisimama kujibu?

Nimeshiriki tathmini kadhaa za namna hii. Zile zilizoanza na dodoso refu la maoni ziliishia kabatini, na zile zilizofuata maamuzi ziliishia kwenye ubishi mkali, jambo ambalo ni dalili njema. Mwongozo huu umejengwa juu ya njia hiyo ya pili. Unaweza kutumiwa na kikundi cha wananchi, asasi ya kiraia, au hata halmashauri yenyewe iliyo tayari kujitazama.

Hatua ya 1: Kubalianeni mnapima nini

Neno demokrasia likiachwa hivi hivi, kila mtu atalijaza anachotaka. Mmoja atasema uchaguzi, mwingine maendeleo, wa tatu amani. Taasisi ya kimataifa inayoshughulikia demokrasia, International IDEA, yenye makao makuu Stockholm, Sweden, kwa kazi iliyoongozwa na Profesa David Beetham, iliiweka misingi kuwa miwili tu: wananchi kuwa na mamlaka juu ya maamuzi ya umma, na kuwa sawa katika kuyatumia mamlaka hayo. Mimi sijaona haja ya kuongeza wa tatu. Wengi hupima ule wa kwanza na kuusahau wa pili. Mkutano uliojaa watu unaweza kuwa mkutano wa wenye nyumba peke yao, wapangaji wakasikia habari zake kwenye foleni ya maji.

Kabla ya kumhukumu mtu, chora jedwali la safu tatu: mambo ambayo serikali ya mtaa inaamua yenyewe, yale inayoamua kwa kibali cha juu, na yale inayopewa maagizo tu. Mkataba wa Ulaya wa Serikali za Mitaa wa mwaka 1985 unasema katika kifungu cha 9 kwamba mamlaka hizo zina haki ya kuwa na fedha zao za kutosha, na kuzitumia kwa hiari ndani ya madaraka yao. Diwani asiye na fedha wala madaraka hana cha kuwajibika nacho. Ukimpa alama mbaya kwa uamuzi uliofanywa makao makuu ya nchi, umemwonea, na aliyeamua amepona.

Hatua ya 2: Tafuta timu, kisha jiulize nani hayumo

Watu saba hadi kumi na wawili wanatosha. Mnahitaji anayejua kusoma hesabu, anayejua sheria ndogo, anayeaminika na vijana, na angalau mmoja ambaye hamkubaliani naye kisiasa. Huyu wa mwisho atawachosha, lakini ripoti isiyo na mpinzani ndani yake itaitwa ya chama fulani kabla haijafunguliwa ukurasa wa pili.

Andikeni mapema nani analipa gharama, hata kama ni nauli na kuchapisha karatasi tu. Wapelekeeni viongozi barua ya kuwajulisha kabla hamjaanza, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kuna mahali kuulizia bajeti kunamletea mtu matatizo. Mkiwa mahali kama hapo, anzeni na jambo lisilochoma, na majina ya waliowaeleza mambo yasiandikwe popote pamoja na maneno yao.

Hatua ya 3: Chagueni maamuzi matatu

Chukueni mmoja uliopendwa, mmoja uliozua ugomvi, na mmoja wa kawaida kabisa ambao hakuna aliyeuzungumzia. Wa kawaida ndio utakaowafundisha zaidi. Kwenye ugomvi kila mtu huchunga mwenendo wake kwa kuwa macho yako juu yake. Kwenye jambo la kawaida ndipo mazoea yanapojionyesha.

Hatua ya 4: Soma makaratasi kabla ya kusikiliza watu

Ombeni mihutasari ya vikao, orodha za mahudhurio, bajeti iliyopitishwa, taarifa ya mapato na matumizi, ripoti ya mkaguzi, na matangazo ya zabuni yanayohusu maamuzi yenu matatu. Ombeni kwa maandishi na kuweka tarehe. Namna mnavyohudumiwa ni sehemu ya kipimo: andikeni siku ngapi zilipita, mlitumwa madirisha mangapi, na sababu mlizopewa. Mahali pamoja tuliambiwa mwenye ufunguo wa kabati amesafiri. Tulirudi mara nne, na ufunguo ulikuwa bado safarini. Hatukugombana na mtu. Tuliziandika tarehe zote nne, na zikawa ukurasa uliosomwa kuliko zote.

Sasa jinsi ya kusoma muhtasari. Tuseme kikao kimefunguliwa saa 4:10 asubuhi na kufungwa saa 6:25 mchana, ajenda 14. Hizo ni dakika 135. Ukigawa, kila ajenda ilipata chini ya dakika 10, na mojawapo ilikuwa bajeti ya mwaka mzima. Tafuta maneno "wajumbe waliridhia kwa kauli moja" uyahesabu. Yakijirudia chini ya kila ajenda, ama wajumbe hao ni malaika au mjadala ulifanyika mahali pengine, usiku wa kuamkia kikao. Angalia kama majina ya waliopinga yameandikwa, kama akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, ilitimia wakati wa kupitisha na si wakati wa kufungua tu, na kama mjumbe mwenye kampuni inayoomba kandarasi alitoka nje jambo lake lilipojadiliwa.

Mwisho, tazama ukurasa wa yatokanayo na kikao kilichopita. Wengi huuruka. Jambo lililoandikwa "linaendelea kushughulikiwa" katika vikao vitano mfululizo linasema mengi kuhusu uwajibikaji kuliko hotuba yoyote.

Hatua ya 5: Keti kikaoni, funga mdomo

Hudhurieni vikao visivyopungua vitatu, watu wawili wawili, kila mmoja akiandika peke yake. Fomu iwe rahisi: saa, aliyesema, alisema kwa muda gani, na kilichotokea baada yake. Saa ya simu inatosha kupimia.

Hesabu dakika za wanaume na za wanawake, za meza kuu na za ukumbini. Kisha angalia mambo yasiyo na safu kwenye fomu. Tangazo lilitoka siku ngapi kabla, na lilibandikwa wapi? Kikao kimewekwa saa ngapi, na saa hiyo nani yuko kazini, nani anapika, nani yuko shuleni? Mtu wa kiti cha magurudumu anaingilia wapi? Lugha inayozungumzwa ni ya wananchi au ya ofisini? Kuna tofauti kubwa kati ya kusema "fungu hili limehamishwa" na kusema "fedha za zahanati zimepelekwa kununua gari".

Nakumbuka mama mmoja aliyenyoosha mkono mara tatu. Alipopewa nafasi, mwenyekiti alimwambia, "Kwa kifupi, mama, muda umetutupa mkono." Aliuliza swali moja kuhusu mfereji. Akaambiwa limepokelewa. Aliyemfuata alikuwa mfanyabiashara, na muda ambao ulikuwa umetutupa mkono ukaonekana umerudi: alisema hadi akachoka mwenyewe. Mwenzangu alikuwa ameandika kitu kile kile, dakika zile zile. Kwa kuwa fomu mbili zilikubaliana, hakuna aliyeweza kusema tumetunga.

Mwanazuoni wa Marekani Sherry Arnstein alichora mwaka 1969 ngazi ya vidato vinane vya ushirikishwaji. Chini kabisa watu wanatumiwa kama pambo, katikati wanapewa taarifa na kuombwa maoni, juu kabisa wanashika usukani. Itumie kama rula. Kwa kila uamuzi kati ya ile mitatu, jiulize wananchi walisimama kidato cha ngapi, na mwenyekiti anadai walisimama cha ngapi. Pengo kati ya majibu hayo mawili lina thamani kuliko jibu lolote kati yake.

Hatua ya 6: Waulize watu walichofanya, si wanachofikiri

Swali la "Je, viongozi wanakusikiliza?" huvuna adabu tu. Uliza: "Mara ya mwisho kuhudhuria mkutano ilikuwa lini? Ulisema? Ukijibiwa, ulijibiwa nini? Tatizo la mwisho ulilokuwa nalo ulimpelekea nani kwanza?" Kama watu wengi wanapeleka shida zao kwa tajiri au kwa kiongozi wa dini kabla ya diwani, hapo mmepata jambo la kuandika.

Msiwachague mnaowajua. Gawanyeni eneo katika vipande, mchague vichache kwa bahati nasibu, kisha mruke nyumba kwa idadi maalumu, na ndani ya nyumba mpigie kura ni nani ahojiwe, vinginevyo atajibu baba mwenye nyumba kila mahali. Sampuli ya watu 100 waliopatikana kwa bahati nasibu ina uwezekano wa kupotoka hadi asilimia 10 hivi juu au chini. Ya watu 400, asilimia 5 hivi. Kwa hiyo msije mkatangaza kwa watu 100 kwamba hali imepanda kutoka asilimia 46 hadi 50. Haijapanda, mmehesabu upepo.

Halafu fanyeni mazungumzo ya vikundi vidogo na wale wasiopatikana nyumbani: wachuuzi, wapangaji, wahamiaji, watu wenye ulemavu, vijana. Msimchanganye mwajiri na waajiriwa wake kikundi kimoja.

Hatua ya 7: Fuata fedha hadi mwisho wa bomba

Nchini Uganda, utafiti wa kufuatilia ruzuku za shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995 uligundua kwamba kwa wastani shule zilipata asilimia 13 tu ya ruzuku ya kila mwanafunzi iliyotolewa na serikali kuu kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Sehemu kubwa ya kilichobaki iliishia kwa maofisa na wanasiasa wa wilaya. Baadaye serikali ilianza kuchapisha kwenye magazeti kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika taarifa hizo. Kufikia mwaka 2001 kiasi kilichofika shuleni kilikuwa zaidi ya asilimia 80. Watafiti bado wanabishana ni sifa kiasi gani ya magazeti na kiasi gani ya mageuzi mengine ya fedha, lakini somo la kipimo halibishaniwi: asilimia 13 isingeonekana kamwe kwenye vitabu vya wizara, kwa sababu kule ilikuwa imeandikwa kwamba fedha zimetoka. Ilionekana kwa kwenda shuleni na kufungua daftari la mapokezi.

Fanyeni vivyo hivyo kwa uamuzi wenu mmoja. Andikeni kiasi kilichopangwa, kilichotoka, kilichopokelewa, kilicholipwa kwa mkandarasi, na kitu chenyewe kilichopo ardhini. Kapimeni urefu wa mfereji kwa futi kamba. Muhtasari ukisema mita 300 na kamba ikasema 210, hamhitaji kuandika kivumishi chochote kwenye ripoti.

Hatua ya 8: Toa hukumu bila kutafuta alama moja

Hapa wengi hujikwaa. Wanataka waseme "demokrasia yetu ni 62 kwa 100". Alama ya namna hiyo inapendwa na vyombo vya habari na haimsaidii mtu yeyote kurekebisha chochote, maana uchaguzi safi utafunika bajeti ya kificho. Funika kombe mwanaharamu apite.

Badala yake tengenezeni kadi moja kwa kila swali: je, taarifa zilifika kwa wakati? Wote waliweza kusema? Waliosema waliathiri matokeo? Kuna anayeweza kuadhibiwa au kukata rufaa? Kwenye kadi wekeni ushahidi wa aina tatu (karatasi, macho, maneno ya watu), hukumu ya maneno mawili matatu, na mstari wa mwisho: "nani katika timu hakubaliani, na kwa nini". Ushahidi wa aina moja tu ukiwepo, andikeni kwamba ni wa aina moja.

Hatua ya 9: Rudisheni matokeo kwa wenyewe

Wapeni viongozi rasimu siku 14 kabla ya kuitangaza, wajibu kwa maandishi, na majibu yao yachapwe humo humo bila kukatwa. Mara nyingi watawasahihisha jambo la kweli. Kisha iteni mkutano wa wazi, msome kwa sauti.

Huko Rajasthan, India, chama cha wakulima na vibarua kiitwacho MKSS kilianza mwaka 1994 kuitisha mikutano ya hadhara ambapo orodha za malipo ya kazi za umma zilisomwa mbele ya wanakijiji. Jina likitajwa, mwenye jina anasimama aseme kama alifanya kazi na kama alilipwa. Zilisomwa kazi ambazo hazikuwahi kujengwa, na majina ya watu ambao hawakuwahi kushika jembe hapo. Madai ya kuona makaratasi hayo yalikua hadi kuchangia sheria ya nchi nzima ya haki ya kupata taarifa, iliyopitishwa mwaka 2005. Silaha yao ilikuwa kusoma orodha mahali ambapo waliotajwa wapo.

Hatua ya 10: Boresheni mambo matatu tu

Ripoti yenye mapendekezo 40 ni zawadi kwa asiyetaka kufanya lolote. Chagueni matatu, na angalau mawili yawe ya bure. Ya bure ni mengi: ajenda kubandikwa siku saba kabla, muhtasari wa fedha wa ukurasa mmoja kwa lugha ya kawaida, kila swali la mwananchi kupewa namba na tarehe ya mwisho ya kujibiwa, kikao kimoja kati ya vitatu kuhamishiwa jioni au mwisho wa wiki, wasio viongozi kupewa nafasi ya kusema kwanza, kabla ya meza kuu. Hili la mwisho linaudhi sana meza kuu na linabadilisha kikao ndani ya siku moja.

Yanayohitaji sheria au fedha chagueni kulingana na ugonjwa mliouona. Kama kundi fulani halionekani kabisa kwenye maamuzi, fikirieni viti maalumu. India iliandika kwenye katiba, kuanzia mwaka 1993, kwamba angalau theluthi ya viti na ya uenyekiti wa mabaraza ya vijiji iwe ya wanawake. Vijiji vilivyopewa zamu ya mwenyekiti mwanamke vilichaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo watafiti waliweza kuvilinganisha na vingine, na huko Bengali Magharibi na Rajasthan walikuta vimewekeza zaidi kwenye maji ya kunywa, jambo ambalo wanawake walikuwa wakililalamikia zaidi.

Kama tatizo ni bajeti kupangwa gizani, kuna bajeti shirikishi. Porto Alegre ya Brazil iliianza mwaka 1989: wakazi walikutana kwa maeneo, wakapanga vipaumbele, wakachagua wajumbe wa kukaa na maofisa hadi bajeti ikakamilika. Nguvu yake ilitoka mahali pawili: kiasi cha fedha kilichotengwa kilikuwa cha kweli, na kila mwaka watu waliona kama walichokipigia kura kimejengwa. Chama kilichoianzisha kilishindwa uchaguzi mwaka 2004, na baada ya hapo ilififia. Kwa hiyo iandikeni kwenye sheria ndogo mapema, isiishi kwa hisani ya meya mmoja.

Na kama mikutano yenu huhudhuriwa na sura zile zile, jaribuni kuchagua watu kwa kura ya bahati nasibu. Jumuiya ya wazungumzaji wa Kijerumani ya mashariki mwa Ubelgiji ilianzisha mwaka 2019 baraza la kudumu la wananchi 24 wanaopatikana kwa bahati nasibu. Baraza hilo huchagua mada, kisha mkutano mwingine wa wananchi, nao wa bahati nasibu, huijadili na kutoa mapendekezo, na bunge lao linawajibika kuyajadili na kueleza sababu linapoyakataa. Ondoa wajibu huo wa kujibu, kilichobaki ni kiini macho chenye posho.

Kuna mtego mmoja kwenye njia hizi zote: wenye nguvu hujifunza haraka. Mkianzisha kamati mpya, tazameni baada ya miezi sita ni nani wamo. Mkikuta ni ndugu, madereva na makarani wa wale wale, mmebadilisha kibao cha mlangoni.

Hatua ya 11: Panga tarehe ya kurudia

Rudieni baada ya miezi 18 hadi 24, kwa fomu zile zile na maswali yale yale neno kwa neno, hata kama sasa mnaona mengine yangeulizwa vizuri zaidi. Swali lililoboreshwa halilinganishiki na la zamani. Ongezeni jipya kando yake. Timu ibaki na theluthi ya watu wa awali ili kuwe na kumbukumbu, wengine wawe wapya.

Fomu zilizojazwa, risiti na ile barua yenye muhuri vihifadhiwe seti mbili katika mikono miwili tofauti. Moja inaweza kukaa ofisini. Nyingine isikae huko, maana ufunguo wa kabati una tabia ya kusafiri.